Uganda: Kupunguza watumishi wa umma na maana yake kwa mfanyabiashara wa mpakani

Mwishoni mwa mwaka 2024 Mamlaka ya Barabara ya Taifa ya Uganda, inayojulikana kwa kifupi kama UNRA, ilivunjwa na kazi zake kurudishwa Wizara ya Kazi na Uchukuzi. Katika kipindi hicho hicho Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa, UCDA, nayo iliingizwa ndani ya Wizara ya Kilimo. Kwa watu wengi hizi zilikuwa habari za siasa za Kampala. Kwa mwenye lori zilikuwa habari za mizani, kwa sababu UNRA ndiyo iliyokuwa ikisimamia vituo vya kupima uzito kama Busitema na Lukaya. Kwa muuzaji wa kahawa zilikuwa habari za cheti, kwa sababu bila hati ya ubora iliyotolewa na UCDA mzigo haukuweza kwenda Mombasa.

Sababu kubwa iliyotolewa na serikali ilikuwa moja: kupunguza gharama za kuendesha serikali, hasa mishahara. Si mara ya kwanza Uganda kufanya hivyo. Miaka ya 1990 nchi hiyo ilipunguza watumishi wake kwa kiasi ambacho nchi chache za Afrika zimewahi kukifikia. Makala hii inaeleza nini kilifanyika wakati ule, kwa nini kazi hiyo ilibidi irudiwe, na mfanyabiashara au msafirishaji aangalie nini serikali yoyote ya jirani inapotangaza kwamba inapunguza watumishi au inaunganisha ofisi.

HALI ILIVYOKUWA KABLA YA 1990

Serikali ya NRM ilipoingia madarakani Januari 1986 ilikuta nchi iliyochoka kwa vita na mfumuko wa bei. Mei 1987 sarafu ilibadilishwa na sufuri mbili zikaondolewa. Hata hivyo mshahara wa mtumishi wa serikali haukutosha kulisha familia yake kwa mwezi mzima. Matokeo yake yalionekana katika kila ofisi. Karani alifika asubuhi, akatundika koti kwenye kiti, kisha akaenda kwenye shughuli zake nyingine. Aliyebaki ofisini aliishi kwa kile alichopewa na mwenye shida.

Wafanyabiashara waliopita Malaba na Busia miaka hiyo wanajua maana yake. Mtu asiyelipwa na serikali atalipwa na mteja. Kila saini ilikuwa na bei, na kila hati iliyoongezwa ilikuwa mlango mwingine wa kupitishia bei hiyo.

Wakati huo huo orodha ya watumishi ilikuwa ndefu. Mwaka 1990 walihesabiwa watu kama 320,000. Ndani yao walikuwamo walimu, wauguzi na polisi waliohitajika sana. Walikuwamo pia vibarua walioajiriwa kwa muda na kubakia miaka mingi, watu waliopita umri wa kustaafu, walioingia bila kufuata taratibu, na majina ambayo hayakuwa na mtu nyuma yake.

TUME, WIZARA NA WATU

Mwaka 1989 serikali iliunda tume ya kupitia upya na kupanga utumishi wa umma, na tume ikamaliza kazi yake mwaka 1990. Hoja yake kubwa ilikuwa rahisi kueleweka: afadhali watu wachache wanaolipwa vizuri kuliko wengi wanaolipwa kidogo. Ilipendekeza idadi ipunguzwe, mshahara upandishwe hadi kiwango cha kumwezesha mtu kuishi, na kila ofisi ipimwe kwa kazi inayoifanya.

Utekelezaji ulikwenda kwa hatua. Wizara zilipunguzwa kutoka 38 hadi 21. Majina hewa yaliondolewa kwenye orodha, makumi ya maelfu kwa jumla. Vibarua waliondolewa. Waliopita umri walistaafishwa, na waliojulikana kwa ulevi, utoro na utovu wa nidhamu wakaachishwa. Waliotaka kuondoka kwa hiari walipewa malipo ya kuagia. Ajira mpya zilisimamishwa isipokuwa pale palipokuwa na sababu maalum.

Jeshi pia lilipunguzwa. Kati ya 1992 na 1995 zaidi ya wanajeshi 36,000 walirudishwa uraiani.

Marupurupu ya vitu nayo yaliguswa. Zamani mtumishi alipewa nyumba, samani au gari la ofisi, na gharama zake hazikuonekana kwenye orodha ya mishahara. Sehemu ya marupurupu hayo ilibadilishwa kuwa fedha taslimu, na nyumba nyingi za serikali ziliuzwa kwa wale waliokuwa wakiishi ndani yake. Lengo lilikuwa gharama ya mtumishi mmoja ionekane yote mahali pamoja.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 idadi ya watumishi ilikuwa imeshuka hadi karibu 150,000, yaani chini ya nusu ya ile ya 1990. Mishahara ilipanda, lakini haikufikia kiwango cha maisha kilichopendekezwa na tume.

MFANYAKAZI HEWA ANAISHIJE?

Neno hili linatumika sana, kwa hiyo inafaa kulieleza. Mfanyakazi hewa ni jina linalopokea mshahara bila mtu anayefanya kazi. Mara nyingi huanza na mtu wa kweli. Mwalimu anafariki, anahama au anaacha kazi, na taarifa haifiki kwa wanaotengeneza orodha. Mshahara unaendelea kutoka. Zamani ulipolipwa kwa bahasha, aliyegawa bahasha aliweza kubaki nayo. Baadaye malipo yalipohamia benki, wizi ukahitaji akaunti, na kwa hiyo ukahitaji watu wengi zaidi kushirikiana.

Njia nyingine ni jina moja kuandikwa mara mbili kwa namba tofauti, au watu wawili kutumia namba moja. Kuna pia mtumishi aliyepo kweli lakini analipwa cheo asichokuwa nacho. Huyu si hewa, lakini fedha inayopotea ni ile ile.

Dawa zinazotumika zinafanana katika nchi zote za ukanda huu: kuhesabu watu ana kwa ana, kuwaunganisha na kitambulisho cha taifa au alama za vidole, kulipa kupitia benki, na kumpa mkuu wa kila kituo wajibu wa kuthibitisha orodha yake kila mwezi. Uzoefu unaonyesha kwamba uhakiki wa mara moja hausaidii kwa muda mrefu. Majina hurudi kama hakuna anayewajibika kuyaondoa kila mwezi.

URA: NJIA YA PEMBENI

Wakati wizara zinapunguzwa, serikali ilichukua njia nyingine upande wa kodi. Septemba 1991 ilianzishwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA. Forodha na idara za kodi zilitolewa nje ya utumishi wa kawaida na kuwekwa chini ya chombo chenye bodi yake, kanuni zake za ajira na mishahara iliyokuwa mikubwa kuliko ya wizarani.

Mapato yalipanda. Kodi iliyokuwa karibu asilimia 7 ya pato la taifa mwaka 1991 ilizidi asilimia 11 katikati ya muongo huo. Mfano huo ulifuatwa na majirani. Kenya ilianzisha KRA mwaka 1995, Tanzania TRA iliyoanza kazi Julai 1996, Rwanda RRA kwa sheria ya 1997, na Burundi OBR kwa sheria ya 2009.

Hata hivyo mshahara mzuri peke yake haukumaliza rushwa. Mwaka 2002 serikali iliunda tume iliyoongozwa na Jaji Julia Sebutinde kuchunguza tuhuma za rushwa ndani ya URA. Mwaka 2004 Allen Kagina aliteuliwa kuwa Kamishna Mkuu, na wafanyakazi wakatakiwa kuomba upya nafasi zao. Baada ya hapo ndipo mabadiliko yanayokumbukwa na mawakala wa forodha yakaja moja baada ya jingine: hati kuwasilishwa kwa kompyuta, malipo kufanyika benki, na wenye kumbukumbu nzuri kupewa njia ya haraka.

Hapa pana jambo ambalo msafirishaji anapaswa kuliweka akilini. Mshahara ulimpa afisa uwezo wa kukataa kitu kidogo. Lakini kilichopunguza nafasi ya kukiomba ni kupungua kwa mara ambazo mfanyabiashara alilazimika kusimama mbele ya afisa.

KWA NINI IDADI ILIPANDA TENA

Upungufu wa miaka ya 1990 haukudumu, na sababu zake si za siri.

Ya kwanza ni huduma. Mwaka 1997 Uganda ilianza elimu ya msingi bila ada, madarasa yakafurika, na walimu walihitajika kwa maelfu. Hili lilikuwa ongezeko la haki, kwani wazazi waliipata huduma waliyoahidiwa.

Ya pili ni utawala. Mwaka 1986 nchi ilikuwa na wilaya 33. Kufikia 2020 zilikuwa zaidi ya 130. Kila wilaya mpya inahitaji mkurugenzi, mhasibu, ofisa elimu, ofisa afya, jengo na magari. Watu walioondolewa Kampala walirudi kwa jina jingine huko wilayani.

Ya tatu ni mamlaka zinazojitegemea. Baada ya URA kufanikiwa, kila sekta ilitaka chombo chake. UCDA ilianza 1991 baada ya biashara ya kahawa kufunguliwa kwa kampuni binafsi na ukiritimba wa bodi ya zamani kuondolewa. UNRA ilianza kazi mwaka 2008. Nyingine nyingi zilifuata. Kila moja ilikuwa na mkurugenzi mtendaji, bodi, idara ya fedha, idara ya sheria na mishahara yake, wakati wizara iliyoizaa ilibaki na idara yenye jukumu linalokaribiana.

Hivyo katika jengo moja la serikali aliweza kukaa mhandisi wa wizara na, barabara ya pili, mhandisi wa mamlaka mwenye elimu ile ile lakini mshahara mara kadhaa zaidi. Manung'uniko hayakuwa ya wahandisi tu. Julai 2022 mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi, na walimu wa masomo ya sanaa wakagoma.

KUUNGANISHA TAASISI, 2018 HADI 2024

Septemba 2018 Baraza la Mawaziri liliamua kuunganisha au kuvunja taasisi zenye majukumu yanayogongana. Mpango huo unajulikana Uganda kwa jina la RAPEX. Ulichelewa miaka kadhaa kwa sababu kila taasisi ilikuwa imeundwa kwa sheria yake, na kila sheria ilihitaji kufutwa au kurekebishwa bungeni.

Miswada ilifika bungeni mwaka 2024. Mingine ilipita bila kelele nyingi. Wa kahawa ulikuwa tofauti. Wabunge kutoka maeneo yanayolima kahawa waliupinga wakisema kwamba UCDA ilikuwa inafanya kazi yake, na kwamba wanunuzi wa nje wanaiamini hati yake. Mapema Novemba 2024 kikao kiligeuka ugomvi wa ngumi, na baadhi ya wabunge wakasimamishwa. Mswada ukapita.

Hoja za pande zote mbili zina uzito. Upande wa serikali ulisema fedha zinazolipa bodi na wakurugenzi wa ziada zinaweza kwenda kwa wakulima na barabara. Upande wa pili ulisema idara ndani ya wizara haina uhuru wa kuamua haraka, na mtaalamu aliyezoea mshahara wa mamlaka hatabaki kwa mshahara wa wizara.

Kuhusu UNRA, ikumbukwe kuwa taasisi hii ilikwishafanyiwa mageuzi makubwa. Mwaka 2015 Allen Kagina alihamishiwa hapo, wafanyakazi wote wakaachishwa na kutakiwa kuomba upya, na tume iliyoongozwa na Jaji Catherine Bamugemereire ikachunguza matumizi ya fedha za barabara. Miaka tisa baadaye taasisi yenyewe ikavunjwa. Hii inaonyesha kwamba kusafisha ofisi na kuifunga ni maamuzi mawili tofauti. La kwanza linahusu utendaji, la pili linahusu gharama.

MAJIRANI WAMEFANYA NINI

Tanzania ilipunguza watumishi wake miaka ya 1990 kutoka karibu 355,000 mwaka 1992. Baadaye, mwaka 2016, uhakiki ulioagizwa na Rais John Magufuli ulifichua wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000. Aprili 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa. Kwa wafanyabiashara, badiliko lililogusa mizigo moja kwa moja lilikuja Julai 2019. Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ikawa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba, wakati kazi ya chakula na vipodozi ikahamia Shirika la Viwango, TBS. Aliyekuwa akipeleka unga au sabuni kupitia Mutukula alilazimika kujua ofisi mpya ya kumsajilia bidhaa yake.

Kenya ina kanuni kwamba mishahara ya umma isizidi asilimia 35 ya mapato. Mkutano wa kitaifa wa Aprili 2024 uliazimia kufika hapo ifikapo 2028. Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mashirika 42 ya serikali yaunganishwe yabaki 20.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo inayoonyesha wazi zaidi gharama ya orodha isiyo safi. Mwanzoni mwa 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitangaza kwamba watu 145,604 walikuwa wanalipwa kwa namba za utumishi zisizo sahihi, na 53,328 walikuwa wanatumia namba moja na watu wengine. Wakati huo huo wapo watumishi wa kweli wanaofanya kazi bila mshahara wa kudumu kwa sababu hawajaingizwa kwenye orodha. Baadhi yao wako mpakani.

Kongo pia ina sheria ambayo kila msafirishaji anayepita Mpondwe na Kasindi au Bunagana anapaswa kuifahamu. Amri ya tarehe 28 Machi 2002 inaruhusu huduma nne tu kufanya kazi mpakani: forodha, ambayo sasa ni DGDA, OCC inayokagua bidhaa, DGM inayoshughulikia uhamiaji, na huduma ya afya ya mipakani. Wanaoomba malipo ni wengi kuliko hao wanne. Huko tatizo halikuwa kukosekana kwa sheria. Tatizo ni kwamba ofisi ambayo haimlipi mtu wake inampeleka mahali penye fedha, na fedha ziko mpakani.

MAANA YAKE MPAKANI

Ukiziweka habari hizi pamoja, utaona kwamba serikali inapotangaza kupunguza gharama za mishahara, mfanyabiashara ana maswali matatu ya kujiuliza.

Swali la kwanza: je, hatua zimepungua pamoja na watu? Kama ofisi ilikuwa na maafisa kumi wa kukagua hati tano, na sasa wamebaki watano wa kukagua hati zile zile tano, foleni itarefuka. Serikali imeokoa mishahara mitano, na wenye malori wamelipa tofauti kwa siku za kusubiri, posho ya dereva na utingo, na bidhaa zinazoharibika. Gharama haikuondoka, imehama.

Mfano mzuri wa kupunguza hatua ni kituo cha pamoja cha mpakani. Mutukula ulizinduliwa Novemba 2017 na Busia Februari 2018. Gari linasimama upande mmoja tu, wa nchi linakoingia, na maafisa wa nchi mbili wanalishughulikia pamoja. Mfano mwingine ni Himaya Moja ya Forodha iliyoanza 2014, ambapo kodi ya mzigo wa Uganda inalipwa kabla mzigo haujatoka bandarini Mombasa. Mabadiliko haya mawili hayakuwa ya kuachisha watu kazi, lakini yamemwondolea msafirishaji saa nyingi.

Swali la pili: je, aliyebaki analipwa vya kutosha na kwa wakati? Mageuzi yanayookoa fedha bila kurudisha sehemu yake kwa waliobaki yanaishia kuwarudisha kwenye mfuko wa mteja. Hilo ndilo lililokuwa Uganda kabla ya 1990, na ndilo linaloonekana leo kwenye baadhi ya vituo vya Kongo.

Swali la tatu: je, muhuri umekwenda wapi? Taasisi inapovunjwa, jukumu lake haliondoki. Kuna mtu fulani katika jengo fulani aliyeachiwa muhuri. Siku za mwanzo hata maafisa wenyewe huwa hawajui vizuri, na siku hizo ndizo za hatari kwa mzigo ulioko njiani.

TAASISI INAPOVUNJWA: MAMBO YA KUKAGUA

Yafuatayo yanafaa kwa Uganda na kwa nchi nyingine yoyote ya Jumuiya.

1. Uhai wa hati za zamani. Kwa kawaida sheria inayovunja taasisi huwa na kifungu cha mpito kinachosema leseni na vyeti vilivyotolewa vinaendelea hadi muda wake uishe. Pata nakala ya sheria hiyo na uiweke ndani ya gari pamoja na cheti. Afisa wa kituo cha mbali anaweza kuwa hajaiona.

2. Jina lililo kwenye hati. Mnunuzi wa nje, benki na kampuni ya meli hulinganisha majina. Kama mkataba wako wa kahawa unataja hati ya UCDA, na hati mpya imetolewa na Wizara ya Kilimo, mwombe mnunuzi arekebishe maneno ya mkataba na ya barua ya mkopo kabla mzigo haujaondoka. Benki inaweza kukataa kulipa kwa tofauti ya jina tu.

3. Akaunti ya malipo. Taasisi ikifungwa, akaunti yake nayo hufungwa. Usilipe kwa namba uliyonayo tangu mwaka jana. Uganda malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa URA, kisha unalipa benki au kwa simu. Anayekupa namba ya simu yake binafsi kwa kisingizio cha "kipindi cha mpito" anakuibia.

4. Madeni. Kama uliipatia taasisi iliyovunjwa mafuta, kokoto au huduma ya usafiri na hujalipwa, andika kwa wizara iliyorithi, ambatisha hati ya kupokelewa kwa mzigo, na upate muhuri wa kupokea barua yako. Deni lisiloandikwa mapema husahaulika wakati wa kuhesabu madeni yanayorithiwa.

5. Mizani. Viwango vya uzito havibadiliki kwa sababu msimamizi amebadilika. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa uzito wa jumla, pamoja na vikomo vya kila ekseli. Tunza tiketi ya mizani ya kwanza. Ikitokea mizani ya pili inatoa namba tofauti, tiketi hiyo ndiyo utetezi wako.

6. Adhabu za zamani. Faini iliyotozwa na taasisi iliyovunjwa bado inadaiwa, na rufaa uliyoikata bado iko hai. Uliza faili lako limehamia ofisi gani, na uchukue namba mpya ya kumbukumbu.

7. Wakala wako wa forodha. Muulize kama amekwishaandikishwa upya kwenye mfumo wa ofisi mpya. Mzigo mwingi hukwama si kwa sababu ya hati ya mwenye mali, bali kwa sababu wakala bado hajafunguliwa akaunti.

Vyama vya wasafirishaji na vya wafanyabiashara wa mpakani vina nafasi hapa. Mswada wa kuunganisha taasisi unapofika bungeni, kamati huita wadau kutoa maoni. Wakulima wa kahawa walisikika mwaka 2024 kwa sababu walikwenda kusema. Wenye malori, ambao walikuwa na mengi ya kusema kuhusu mizani na barabara, hawakusikika kwa kiasi kile. Kamati hiyo ndiyo inayokichambua kifungu cha mpito, na kikishapita kikiwa na upungufu, mwenye lori hukutana nacho Busitema mzigo ukiwa tayari umepakiwa.